Siku ya 15, baridi ya Njombe: moto wa vifaranga uzimwe lini?

Swali: "Shikamoo daktari. Niko Njombe mjini. Mwezi huu wa saba nimeleta vifaranga 200 vya Sasso kutoka Dar, wakafika salama, wawili tu ndio walikufa kwenye boksi. Nawalea kwenye chumba cha tofali, sakafu ya saruji, kwa majiko mawili ya mkaa. Wiki mbili za kwanza nimepoteza watano tu. Niliambiwa kifaranga akimaliza siku 14 hahitaji joto tena, kwa hiyo usiku wa siku ya 15 sikuwasha. Saa mbili usiku kipimajoto cha ukutani kilisoma 22, nikaona chumba kina joto, nikafunga mlango nikalala. Asubuhi nimekuta 31 wamekufa kwenye kona moja, wamelaliana, wa chini wamelowa jasho. Baadhi ya waliobaki wamesinzia na kinyesi kimewaganda nyuma. Uzio wa duara niliutoa siku ya 10 maana walikuwa wamebanana. Huu ni ugonjwa gani? Niwape dawa gani? Na huu moto nizime lini?"

Marahaba dada, na pole sana. Thelathini na mmoja kwa usiku mmoja inauma, hasa baada ya kuwafikisha wiki mbili na hasara ndogo kiasi hicho. Hapo ulikuwa unalea vizuri kuliko wengi.

Kwa maelezo yako sioni ugonjwa wa kukimbilia duka la dawa. Vifaranga hao walisikia baridi, wakasogeleana, wakapandana, na wa chini wakakosa hewa. Ule unyevu uliouona si jasho, kuku hatoki jasho. Ni pumzi na kinyesi cha wenziwe waliomlalia usiku kucha. Kama bado hujawafukia, shika wawili watatu uwapapase: ukikuta gole, kile kifuko cha chakula chini ya shingo, limejaa, na kifua kina nyama, ujue kilikuwa kifaranga kizima kilichobanwa. Kifaranga mgonjwa mara nyingi hufa peke yake pembeni, mwembamba, gole tupu. Rundo kwenye kona ni kazi ya baridi, au ya woga, kwa mfano panya au paka akiingia usiku.

Kwa hiyo usiwape antibaotiki leo. Leo warudishie moto, tena kabla baridi ya usiku haijakaza. Maji yao yawe ya uvuguvugu yenye glukosi kwa siku moja, kisha vitamini siku tatu. Wale waliogandwa na kinyesi, chukua kitambaa na maji ya vuguvugu, lowesha taratibu mpaka kilegee ndipo ukifute. Usikibandue kikavu, utatoka na ngozi. Kila mmoja mkaushe kabla hujamrudisha kwa wenziwe, maana kifaranga aliyelowa usiku wa Njombe amekwisha. Kinyesi kuganda namna hiyo mara nyingi huja baada ya kifaranga kupigwa na baridi: tumbo linavurugika. Wakishapata joto, wengi wanapona wenyewe.

Hata hivyo wachunge kwa siku kama tano. Wanaingia wiki ya tatu, umri ambao kuhara damu hupenda kuanza, na kifaranga aliyetikiswa na baridi hushikwa upesi. Ukiona damu kwenye kinyesi, au wakiendelea kufa baada ya siku tatu za joto la uhakika, hapo usibahatishe. Mwite afisa mifugo wa kata, au chukua mizoga mibichi miwili mitatu uipeleke kwenye kituo cha Wakala ya Maabara ya Veterinari kilichopo Iringa. Mzoga uliolala siku mbili haumsaidii mpimaji.

Sasa hizo siku 14. Aliyekwambia hakukudanganya, ila alikupa hesabu ya Dar es Salaam. Kifaranga anayeanza wiki ya tatu anataka nyuzi 27 hivi pale anapolala. Dar, mwezi wa kwanza, usiku wenyewe una nyuzi kama 25. Pengo ni nyuzi mbili, na vifaranga wenyewe wakikaa pamoja wanalimaliza. Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa saba usiku unateremka chini ya nyuzi 10. Chumba chako cha tofali kinasaidia kidogo, lakini pengo linabaki kubwa mno kwa kiumbe wa ukubwa wa ngumi. Kifaranga ni yule yule aliyepanda basi Dar. Kilichobadilika ni mlima.

Fikiria chai. Birika likitoka jikoni linakaa na moto wake muda mrefu, lakini ukiimimina kwenye kikombe kidogo, ukigeuka kumjibu mtoto imeshapoa. Kifaranga wa siku moja ana gramu 40 hivi, ni kikombe kidogo. Kwa udogo huo anapoteza joto haraka kuliko anavyoweza kulitengeneza, na mwili wake wenyewe haujajua kazi hiyo. Kuku mkubwa ana nyuzi 41 hivi mwilini, saa zote. Kifaranga anayetoka kwenye yai yuko chini ya hapo kwa nyuzi moja au zaidi, na katika wiki yake ya kwanza ukimweka penye baridi mwili unapoa naye kama jiwe. Hawezi kuuzuia. Kati ya siku ya 10 na ya 14 uwezo huo unakuja. Ndiyo maana watu wakashika namba ya wiki mbili.

Tatizo ni kwamba jiko la ndani likishawaka, nguo bado hana. Yale malaika laini aliyotoka nayo kwenye yai si manyoya, hayazuii upepo na yakilowa hayana kazi. Manyoya yenyewe huanza mabawani na mkiani, yanakuja mabegani na mgongoni, kisha kifuani, na tumbo, shingo na kichwa vinachelewa. Ukimtazama kwa juu kifaranga wa wiki mbili na nusu unaweza kusema amevaa. Mgeuze. Mshike mkononi, mpulizie kifuani na chini ya bawa kwa mdomo kama unavyopuliza uji. Malaika yakitawanyika ukaona ngozi ya pinki, huyo yuko uchi upande wa chini, na upande wa chini ndio unaolala sakafuni. Kuku wa kienyeji na machotara wa aina ya Sasso wengi hufunika kifua karibu na wiki ya nne. Kwa baridi yenu, mimi simhesabu kifaranga kuwa amevaa mpaka wiki ya tano, na kama ni Makete au karibu na Kitulo kule kwenye sakitu, wiki ya sita.

Kipimo chenyewe kinakwenda hivi, na usikifanye Msahafu: wiki ya kwanza nyuzi 32 mpaka 34, kisha unateremsha nyuzi tatu hivi kila wiki. Wiki ya pili 30, ya tatu 27, ya nne 24, ya tano 21, na hapo anaweza kuishi na hali ya hewa ya kawaida. Ila joto hilo ni la pale mgongo wa kifaranga ulipo, vidole vitatu vinne juu ya maranda. Si la ukutani. Kipimajoto chako kilikuwa kinapima hewa ya usawa wa kichwa chako wewe, na hewa ya moto hupanda. Tena ulikisoma saa mbili usiku, tofali zikiwa bado zimeshika joto la mchana. Saa kumi na moja alfajiri ndiyo saa ya baridi kuliko zote, na hukuwepo. Kitoe ukutani, kifunge kamba, kining'inie karibu na jiko mahali wanapolala, kikikaribia kugusa maranda.

Nikwambie ukweli, mimi kipimajoto nakitegemea zaidi siku moja kabla vifaranga hawajafika. Wakishaingia, nawatazama wao. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa namsimamia mfugaji mmoja Mafinga, naye alikuwa na kipimajoto kizuri na daftari limejaa namba, na kila asubuhi anaokota wafu watatu wanne. Nikamwomba tuamke wote saa kumi usiku. Tukasimama nje ya mlango bila kuwasha tochi, tukasikiliza. Kifaranga aliyeshiba joto ananong'ona, sauti ndogo ndogo za chini zinazokatika katika, kama watu wanaoongea msibani. Pale ndani ilikuwa sauti moja kali ya juu, isiyopumzika. Yule bwana akanishika mkono: "Kumbe wanalia hivi kila siku?" Mkaa ulikuwa umekufa tangu saa nane. Daftari lake lilikuwa na namba za jioni na za asubuhi, za saa kumi hazikuwemo.

Kwa hiyo amka usiku, walau wiki hii. Usiingie na mwanga mkali ukawashtua. Wakiwa wamejitandaza kuzunguka jiko, wengine karibu, wengine mbali, wamenyoosha shingo chini kama mizoga midogo, furahi, joto liko sawa. (Mara ya kwanza ukiwaona hivyo utadhani wamekufa kweli.) Wakiwa wamelikumbatia jiko kwa rundo, ni baridi. Wakiwa wamelikimbia wote, midomo wazi, mabawa yamening'inia, ni moto mno. Wakiwa wamekwenda upande mmoja wote na upande wa pili mtupu, kuna upepo unaingia mahali. Weka kiganja chako kilicholowa maji kwenye usawa wa maranda, kizungushe, utausikia. Na ukitaka uhakika wa kifaranga mmoja mmoja, mchukue uweke nyayo zake kwenye shavu lako au kope. Zikiwa baridi, huyo hajapata joto, kipimajoto kiseme kinachosema.

Tazama pia kuku mwenye vifaranga kule kijijini, maana ndiye bruda, yaani kipasha-vifaranga, ya kwanza. Hapashi ua mzima. Yeye ni sehemu moja ya moto, na ua wote uliobaki ni baridi. Kifaranga anatoka, anadonoa, akisikia baridi anarudi ubawani dakika chache, anatoka tena. Anajipimia mwenyewe. Na utaona jambo la pili: wakifika mwezi mmoja, mchana hawamwendei tena, wanazurura naye tu, lakini jua likizama wanasukumana kuingia chini yake, miguu inatokeza nje. Mchana ndio wanaouacha kwanza. Usiku unakuja mwisho. Wewe ulikata vyote viwili kwa mpigo, dada, tena ukaanza na usiku.

Na nakisia kitu kingine. Kama unafuata ratiba ya kawaida, siku ya 14 uliwapa chanjo ya Gumboro, ule ugonjwa wa virusi unaovunja kinga ya vifaranga. Siku hiyo na mbili zinazofuata mwili unashughulika na chanjo, si wakati wa kuondoa moto. Usipunguze joto siku ya chanjo, wala siku ya kubadili chakula, wala siku ya kuwahamisha chumba. Jambo moja kwa wakati.

Tuje kwenye chumba chako. Kona kwanza. Duara ulilitoa mapema, na kulitoa ndiko kulikowapa kona ya kufia. Wakibanana, duara linapanuliwa, halitolewi: unaunganisha kipande cha hadibodi au bati bapa, au hata maboksi magumu yaliyofungwa pamoja, kila baada ya siku tatu nne. Wiki ya kwanza mita moja ya mraba inabeba vifaranga 40 mpaka 50. Hawa wako 162 sasa hivi wapewe kama mita za mraba saba au nane, na kona zote nne za chumba uzizibe kwa vipande vya hadibodi vilivyokunjwa nusu duara, hata duara lenyewe likishaondoka. Mimi kona naziacha zimezibwa mpaka wanaanza kupanda vichanja.

Sakafu ya saruji inanyonya joto kupitia miguuni usiku kucha. Njombe hamna shida ya maranda, mna viwanda vya mbao kila upande, kwa hiyo usibane: unene wa kiganja kilicholazwa ubavu, sentimita nane mpaka kumi. Chini yake tandika maboksi au viroba vya nailoni kuzuia unyevu. Chukua maranda yale ya kujikunja, makavu. Vumbi la msumeno liache, wanalila, linawajaa gole, tena linawaingia puani. Na maranda ya mbao mbichi yaanike kwanza juani siku mbili, ukiyafinya yasikuachie ubaridi mkononi.

Jiko sasa, na hapa nitakaa kidogo. Mkaa uwashe nje. Moshi wote uishe, mkaa uive uwe mwekundu na majivu kidogo juu, ndipo uingize ndani. Liweke juu ya matofali mawili, sogeza maranda nusu mita kulizunguka, kisha lizungushie wavu au bati lenye matundu, kwa sababu kifaranga anayesikia baridi hana akili, atakwenda mpaka ajiunguze. Lakini usidhani mkaa ulioiva hauna madhara. Mkaa mwekundu bila moshi wowote unatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu, inayoua kifaranga na inayoua mtu. Kila msimu wa baridi huku nyanda za juu tunasikia waliolala na jiko ndani wasiamke. Kwa hiyo chumba chenye jiko kiwe na upenyo juu, karibu na paa, pande mbili zinazotazamana, wazi usiku wote. Upepo wa chini ndio unaouziba kwa viroba, wa juu unauacha upite. Na hata uwe na uchungu na hao 162 namna gani, usilale nao chumbani.

Wewe una majiko mawili, ni mtaji huo. Usiyawashe pamoja. La kwanza liingie saa moja jioni. La pili liwashe nje saa sita na nusu, liingie saa saba usiku wakati la kwanza limeanza kuzeeka, likufikishe asubuhi. Mkaa ukishaiva ufunike kwa tabaka jembamba la majivu, unakwenda taratibu na kukaa muda mrefu zaidi. Weka kengele ya simu. Hiyo safari ya saa saba ndiyo ukaguzi wako pia, unaua ndege wawili kwa jiwe moja.

Kwa akiba, chukua madumu manne ya lita tano, yajaze maji ya moto usiku, funga kifuniko sawasawa, vingirisha kila moja kwenye kiroba au tambara zito, uyalaze ndani ya duara. Hayatoi gesi, hayaunguzi, na vifaranga wanayaegemea kama mama yao. Peke yake hayawezi usiku mzima wa Njombe, lakini mkaa ukikuzimikia yanakununulia saa mbili tatu.

Kuna anayetaka kuniuliza kuhusu umeme. Ni msafi kuliko mkaa, sibishi. Balbu nyekundu za kupashia, za wati 250, moja kwa vifaranga 50 hivi kwa baridi yenu, ining'inizwe kwa mnyororo au waya wa chuma, si kwa waya wake wa umeme, sentimita 45 mpaka 60 juu ya maranda. Kadiri wanavyokua unaipandisha, huibadilishi. Ila hizi balbu za kisasa za kuokoa umeme hazina joto. Nimemkuta mtu amefunga kumi, chumba kinang'aa kama ukumbi wa harusi, vifaranga wanatetemeka. Na umeme ukikatika saa nane usiku bila jiko la akiba, utarudi pale pale kwenye rundo la kona.

Kuwaachisha moto kwa hao wako, mimi ningekwenda hivi. Wiki hii ya tatu, moto usiku wote, na mchana pia isipokuwa saa sita mpaka saa tisa kukiwa na jua. Wiki ya nne, mchana bila moto kabisa, ila siku za ukungu na manyunyu yenu yale unalirudisha jiko asubuhi. Usiku unabaki vile vile. Wiki ya tano anza kula upande wa jioni: jiko la saa moja liache, bakiza lile la saa saba, kwa sababu baridi kali ni ya alfajiri. Wiki ya sita wapulizie vifua. Wakiwa wamefunika, liache na la saa saba, huku ukiamka usiku tatu mfululizo kuwatazama. Ukiwakuta wamelala wametandaa, basi. Ukiwakuta rundo, rudi hatua moja nyuma, ngoja siku nne, jaribu tena. Hakuna aibu kurudi nyuma.

Kama mkaa umekuwa ghali, kuanzia wiki ya nne wajengee masanduku ya kulalia. Sanduku la mbao au boksi gumu la mita moja kwa mita moja, kimo sentimita 40, mlangoni umening'iniza vipande vya kanga kuukuu vilivyochanwa mpaka chini, na juu badala ya kifuniko kigumu unatandaza wavu kisha blanketi au gunia lenye majani makavu. Ndani maranda mengi. Vifaranga 40 wanajazana humo wakapashana wenyewe, na hewa inapita juu kwenye kitambaa. Usiku wa kwanza utawasukuma kwa mkono mmoja mmoja, usiku wa tatu wanaingia wenyewe magharibi. Kwako yatatosha masanduku manne. Asubuhi inua blanketi ulianike, maana linashika unyevu, na mkigusa ndani mkakuta maranda yamelowa, yabadilisheni.

Angalizo moja kwa sababu najua msiba unavyomfanya mtu. Baada ya hasara hii utashawishika kujaza mkaa mpaka juu na kuziba kila tundu. Usifanye hivyo. Kifaranga aliyepashwa kupita kiasi anakunywa maji badala ya kula, maranda yanalowa, na harufu ile kali ya mkojo inamchoma macho na mapafu. Chuchumaa mpaka pua yako iwe usawa wao. Ikikuwasha, fungua juu, toa maranda yaliyolowa.

Na kundi lijalo, kama unaweza, usilete Juni, Julai wala Agosti. Waagize Septemba: wanakuta baridi inakatika, mkaa unatumia kidogo, na Sasso wa Septemba anafika sokoni wakati wa Krismasi ambapo hubembelezi mnunuzi. Ukiona ni lazima Julai, washa chumba siku nzima kabla ya wao kufika ili sakafu na maranda vishike moto, maana ni kifaranga aliyetoka safari ya kilomita 700 kwenye boksi, na kilichombeba njiani ni mabaki ya kiini cha yai tumboni mwake. Akitua kwenye maranda ya baridi, kiini hicho kinabaki hakijanyonywa, kinaoza, na utakuja kuniandikia kuhusu vitovu vyekundu na matumbo yaliyovimba siku ya tano. Na ukiamua kujaribu broila, kuku wa nyama wa kisasa, jua kwamba hao wakipigwa na baridi utotoni, kwenye mwinuko kama wenu, wengine watajaa maji tumboni wakikaribia kuuzwa, moyo ukiwa umechoka. Sasso ni mvumilivu zaidi, baki naye.

Kwa usiku wa leo: kona zizibwe, jiko la kwanza saa moja, la pili saa saba, madumu ndani, tundu la juu wazi. Saa kumi simama nje ya mlango usikilize kabla hujaufungua.